Migomba Niliyoihamishia Rweya

Kahawa ya kutafuna ikichemka na majani yake ya kunukia, mimi hurudi mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na moja, mwaka aliofariki baba pale Ijumbi, shida ikaingia kwetu na kuvua viatu.

Baba hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mama, mimi, na kibanja, shamba letu la nyumbani, chenye kaburi lake katikati ya migomba. Kisimani wanawake wakaniambia, tena wakicheka, kwamba binti harithi kibanja cha ukoo. Eti baba mkubwa, kaka yake baba aliyekaa Kahororo, atakuja na panga kutufukuza. Nikampelekea mama habari hizo. Akasema, "Aliyekufa tumeshamlilia. Usianze kumlilia ambaye hajafa."

Sikusikia. Mbwa akibweka, nakimbilia mlangoni kuchungulia. Mwalimu akiandika hesabu ubaoni, mimi namwona baba mkubwa. Nikaanza kuhamisha. Kila nikitoka shule nilichimbua chipukizi la mgomba wa baba, nikalibeba kichwani hadi rweya, ile mbuga ya nyasi nyuma ya kilima isiyo ya ukoo wowote, ambako watu walipanda njugu mawe tu. Nikapeleka samadi kwa kikapu, nikatandaza nyasi juu. Wakitufukuza, nilijiambia, tutakula hapa.

Baba mkubwa alikuja msimu wa kuchuma kahawa. Na panga, kweli. Nilisimama mlangoni na jembe langu. Akanipita, akaamkiana na mama, akatafuna kahawa taratibu, kisha akaingia shambani na kuanza kukata majani makavu ya migomba, maana kibanja cha ndugu yake kilikuwa kimekuwa pori. Ndipo akaona mashimo. Akaniita. Nikamweleza yote.

"Umepanda migomba rweya?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe binti, rweya inaotesha nyasi tu." Halafu akatazama kaburi, kicheko kikamwisha. "Nikiwafukuza ninyi, ndugu yangu atabaki na nani hapa?"

Uzeeni mwenyewe aliniambia kwa nini alichelewa kuja: aliogopa kukuta mama amerudi kwao Kashozi, mlango umefungwa, kaburi limeota magugu. Mtoto ningejuaje? Miezi yote ile sisi tukimwogopa yeye, yeye akituogopa sisi, na panga lilikuwa la majani makavu.

Hofu haikunipa hata ndizi moja, asikudanganye mtu. Samadi na jembe ndivyo vilivyonipa. Migomba ya rweya ilishika. Mkungu wa kwanza niliupeleka Kahororo kwa kichwa. Baba mkubwa akaupapasa, akaugeuza, akasema, "Haya waitu," akiniita kwa heshima ya mtu mzima, "nimeaibika."

Shule niliishia darasa la nne. Leo nina shamba la migomba na kahawa kule rweya. Nina ng'ombe wa maziwa, nyumba ya matofali, tangi la maji, na pikipiki anayoiendesha mjukuu wangu. Nina kibanja cha baba. Ukoo ulikaa ukanikabidhi, na baba mkubwa ndiye aliyesimama wa kwanza kusema. Na nina makaburi mawili, la baba na la mama, ninayoyafagia mwenyewe.