Chungu Changu Bila Chumvi

Majina sitayaandika. Walio hai watajijua, waliokufa Mungu anawajua. Lakini waliotaka kunitoa mu nyumba yangu, na walioacha nitolewe, nitawataja kila mutu kwa kazi yake: dada mukubwa wa bwana yangu, kapita, ndiye musimamizi wa kambi, munganga, na bwana yangu mwenyewe. Mi sikusoma sana. Masista walinifundisha kushona na kuandika, basi. Kwa hii habari inatosha.

Ilikuwa Kolwezi, Wazungu wakiwa bado wanatawala, na sisi watu wa Kasai tumejaa mu kambi za mugodi. Bwana yangu alikuwa anatoboa mawe kule Mutoshi. Mutu wa nguvu. Kiisha akaanza kuhema kama amefukuzwa na mbwa, hata akitoka tu chooni. Hakuweza tena kulala chali, alikaa mugongo ku ukuta mpaka kunakucha. Miguu ikavimba: ukibonyeza na kidole, shimo linabaki, kama mu bukari ya moto, ule ugali wetu.

Munganga wa hospitali ya kambi, Muzungu, akaweka mupira wake ku kifua, akasikiliza muda murefu. Akasema moyo umechoka. Akamupa matone ya kunywa na sindano ya kutoa maji. Halafu akanigeukia.

"Weye mama, sikia muzuri. Chumvi hapana. Samaki ya chumvi hapana. Hata kidogo hapana!"

Akanieleza na Kiswahili yake ya kuvunjika: wanganga wa Ulaya wamechunguza, wameona maji inafuata chumvi. Mutu wa moyo muchovu akila chumvi, maji inamujaa mpaka ku mapafu. Zamani hata wao hawakuijua muzuri. Nilimuamini, kwa sababu nilikuwa nimeliona lile shimo la kidole. Lakini hakuwaza kuvuka barabara aje kuwaeleza watu wa kambi. Aliita mugonjwa mwingine. Hilo ni kosa lake.

Maana kwetu chumvi haikuwa chakula tu. Mwanamuke aliyelala inje na mwanaume mwingine, mukono wake hautii tena chumvi mu chungu cha nyumba. Akitia, mwanaume atakayekula atavimba, kifua kitamubana, atakufa. Basi mwenye kosa, akiogopa kuua, anapika bila chumvi mpaka ataje jina ya ule mwanaume na kutoa kuku ya kusafishwa. Kambi nzima ilijua hivyo, watu wa Kasai na watu wa Sandoa. Na mi ndiye niliyekuwa na bwana mwenye kuvimba na chungu bila chumvi.

Nilijua watasema. Nikapika vilevile. Sombe, yale majani ya muhogo, na karanga, maharagi na tomati, pilipili, ndimu nyingi. Makayabu, ile samaki kavu ya chumvi waliyotugawia ku posho, nilibadilishana na jirani kwa nyama. Miguu ikashuka. Viatu vya kazi vikaingia tena.

Ndipo dada yake, niliyemuita yaya kwa heshima ya mukubwa, akafika na treni kutoka Kasai. Mujane, kiongozi wa waimbaji kanisani kwao, sauti kama filimbi ya mugodi. Akaonja sombe.

"Hii ni nini?"

"Ni sombe, yaya."

"Sombe ninaijua. Ninauliza chumvi iko wapi."

"Munganga alikataza."

Akatema mu majivu. "Tangu lini Muzungu anaingia mu chungu ya mwanamuke wa Kasai? Sema jina yake!"

"Ya munganga?"

"Usicheke na mi! Ya ule mwanaume!"

Siku ya Mungu, kiisha misa, watu wa kambi wakajaa mu kiwanja chetu. Kapita akakalia kiti changu bila kuomba. Nyumba yetu ilikuwa karibu na robine ya maji, na alikuwa anaitamani kwa mudogo wake.

"Mama, taja jina, utoe kuku, tukule, biishe," akasema. "Ukinyamaza, treni ya Kasai inajua njia."

Nikamuangalia bwana yangu. "Tata, sema basi. Ulikuwa pale munganga akisema."

Akaangalia miguu yake. Miguu niliyoishusha mimi.

"Sina jina ya kutaja," nikasema.

"Basi mi nitapika," dada akasema. "Mukono yangu ni safi, kila mutu anajua."

Nikijua wazi kwamba chungu kile kitamuua, nikaingia ndani, nikaleta viatu vya kazi. Nikamuvalisha mbele yao, nikafunga kamba mpaka juu.

"Mumeona vinaingia? Siku ya posho murudi, tumuvalishe tena. Vikiingia na chumvi ya yaya, munipandishe treni."

Kapita akacheka. "Sasa viatu njo bitahukumu?"

"Hivi havina mudogo wa kutafutia nyumba."

Watu wakacheka, yeye akaacha.

Dada akapika makayabu, akaongeza chumvi na mukono muzima. Bwana yangu alikula kama mutu wa arusi. Kabla ya posho alikuwa amerudi ku ukuta wake, anakaa, anahema. Siku yenyewe ilipofika, kisigino kilikataa. Kapita akapiga magoti, akasukuma kiatu na mikono miwili, jasho likamutoka. Hakikuingia.

Jirani yetu, mama muzee wa Sandoa, alikuwa anamenya maharagi. Hakuinua hata kichwa.

"Mi nauliza tu. Hii chumvi, nani aliitia?"

Macho yote yakamugeukia dada. Ile sheria waliyonifungia mimi ikamukalia yeye. Akaruka.

"Munaniangalia nini? Mukono yangu ni safi! Ni chumvi! Chumvi yenyewe njo inaleta maji! Munganga alisema!"

"Alisema lini, yaya?" nikamuuliza. "Na nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniomba musamaha. Kapita alikumbuka kazi, akaenda. Mi nikachukua chungu changu, nikakisugua na muchanga. Dada alibaki mpaka treni ya kurudi, na kila chakula nilimuwekea mukebe wa chumvi pembeni ya sahani yake. "Tia mwenyewe, yaya. Mukono yako ni safi."

Bwana yangu nilimupikia hivyo miaka mingi, mpaka bendera ikabadilika na baadaye. Moyo haukupona, lakini alilala kama watu. Kunyamaza kwake kule sijakusamehe, na alijua. Lakini ile asubuhi ya kwanza viatu vilipoingia tena, alisimama ku mulango akicheka kama mutoto.

"Mama, leo bimeingia."

"Vizuri," nikamuambia. "Pitia mbele ya nyumba ya kapita. Na ukanyage kwa nguvu."

Akapita kule. Nilisikia viatu mpaka ku kona.