Rangi Nyeupe Kwenye Magurudumu ya Nakolong

Teresia Nakolong wa mtaa wa Bulla Pesa alijifunza magari akiuza chai. Miaka kumi na moja alizunguka gereji za Isiolo na birika lake, na kila alipongoja kikombe kirudi, alitazama mikono ya mafundi. Siku moja fundi M'Ikiara akamwita kwa jina la mwanawe, akamwambia, "Mama Ewesit, wewe unatazama sana. Weka hiyo birika chini, ushike spana." Akashika. Leo ana miaka hamsini na mbili, na ndiye dereva wa Landkruza ya parokia, ile inayopeleka dawa na kurudisha wagonjwa kutoka vituo vya mbali.

Gari hilo lilikuwa libarikiwe Jumapili baada ya misa. Nakolong hakutaka lisimame mbele ya kanisa na magurudumu yenye kutu. Jumamosi aliyatoa yote manne, akayapaka rangi nyeupe nje na ndani, mpaka pale katikati gurudumu linapolala juu ya habu, kile kitovu cha chuma kinacholizungusha. Rangi haijakauka sawasawa akayarudisha, akakaza nati kwa nguvu zake zote. Jumapili watu walilizunguka gari wakisema linang'aa kama bibi harusi, naye akafurahi moyoni, Mungu amsamehe.

Jumatatu asubuhi akaja Mzee Shuriye, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Sericho. Walisalimiana salaam aleikum, kisha mzee hakuzunguka. Pampu ya kisima chao ilikuwa imeungua siku ya tatu sasa. Mpya alikuwa ameipata hapo Isiolo, ila hakuna gari la kuibeba.

"Ngamia wanaweza kungoja, Mama," alisema. "Mbuzi wameanza kulala chini. Na watoto wanakunywa maji ya dimbwi."

Padri alikubali papo hapo. Pampu ikapakiwa, ikafungwa kwa kamba, wakaondoka.

Kila gurudumu likitolewa na kurudishwa, Nakolong alikuwa na desturi ya kusimama baada ya mwendo mfupi na kukaza nati tena. Siku hiyo hakusimama. Alijiambia alikuwa amezikaza vya kutosha, na mzee kando yake alikuwa ameikodolea macho barabara kana kwamba angeweza kuivuta iwe fupi.

Walikuwa wamepita Garba Tulla, kwenye ile barabara yenye mawimbi ya changarawe, aliposikia tik, tik, tik upande wa nyuma. Halafu usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Akapunguza mwendo pole pole, akasimama, akashuka.

Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelegea. Kati ya bolti tano zinazolishikilia, mbili zilikuwa zimekatika, vichwa vimebaki ndani na nati zake zimepotelea njiani. Zile tatu zilizobaki zilikuwa na nati zinazozunguka kwa vidole. Alipopitisha kidole pale gurudumu linapokutana na habu, kilirudi na unga mweupe.

Akaelewa. Rangi ilikuwa imesagika katikati ya vyuma, ikaacha nafasi, na nafasi ile ndogo ndiyo iliyolegeza nati. Kila wimbi la barabara lilizipinda bolti mpaka zikachoka.

"Ni nini?" Mzee Shuriye aliuliza.

"Ni mimi, mzee," akajibu. "Nilipaka rangi mahali hapatakiwi rangi. Halafu sikusimama kukaza."

Mzee akachungulia. "Lakini tatu zimebaki. Kaza hizo, twende."

"Hatuendi na tatu."

"Mama Ewesit, hata kiti cha miguu mitatu kinakaliwa!"

"Kiti hakikimbii kwenda Sericho na pampu mgongoni. Hizi tatu zimebeba kazi ya tano. Zikikatika, gurudumu linatoka, gari linalala kwenye mtaro, na pampu inalala nalo. Hapo mbuzi watakunywa nini?"

Mzee akasema, "Na gari limebarikiwa jana tu."

"Padri alibariki gari. Kukaza nati aliniachia mimi."

Mzee alitaka kubaki na hasira, lakini kicheko kilimponyoka.

Nakolong alitoa chini ya kiti mkebe wa kakao ambao hakuwahi kusafiri bila kuubeba. Ndani mlikuwa na bolti mpya mbili, nati za akiba na wosha chache, vile vipete bapa vya chuma. Alifanya ishara ya msalaba, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, akaweka ubao chini ya jeki isizame mchangani, akaliinua gari. Gurudumu likatoka, kisha kifuniko cha breki. Akaigeuza habu mpaka bolti iliyokatika ikafika mahali penye nafasi nyuma, akaigonga kwa nyundo na kipande cha chuma. Ya kwanza ilitoka upesi. Ya pili ilikataa. Jasho liliingia machoni, jua likampiga kisogoni, na mara mbili mzee alisema, "Basi nne zatosha." Nakolong alishika nyundo tena. Aligonga, akapumzika, akagonga tena, mpaka ikadondoka.

Bolti mpya aliziingiza kwa nyuma, akaweka wosha kadhaa mbele, akageuza nati upande wake bapa uangalie ndani, akaizungusha mpaka ikaivuta bolti na kichwa chake kikakaa sawa. Kisha akachukua kisu akakwangua rangi yote kwenye gurudumu na kwenye habu, mpaka chuma kikaonekana kitupu. Akachunguza matundu ya gurudumu. Yalikuwa bado mviringo.

Mzee Shuriye akamletea chupa ya oili. "Paka kidogo, nati ziteleze."

"Hapana, mzee. Ikiteleza, mkono unadanganyika, unakaza kupita kiasi, na bolti inavutika. Iwe kavu."

"Basi tutie bomba kwenye spana, tupate nguvu."

"Nguvu nilitia Jumamosi," alisema Nakolong. Akakaza kidogo kidogo, nati moja kisha ile iliyo mkabala nayo, akashusha jeki, akamalizia kwa mikono yake miwili.

Walikwenda mwendo wa mtu mwenye yai mfukoni. Baada ya kilomita kumi akasimama. Nati mbili zilikubali robo mzunguko. Wakaenda tena. Mabati ya Sericho yalikuwa yameanza kuonekana, na kundi la mbuzi limejibanza kwenye kivuli cha tangi tupu, Nakolong aliposimama kwa mara nyingine.

"Mama! Si ni pale?"

"Ni pale, mzee. Dakika tatu."

Mzee alivuta pumzi, akashuka, akachukua spana yeye mwenyewe. Nati zote tano zilikataa kusogea. Alizihesabu kwa sauti, kwa Kiborana, kama mtu anayehesabu mifugo yake zizini.

Jua lilipopungua makali, pampu mpya ikiwa imeshafungwa kisimani, ilikohoa tope, ikakohoa tena, halafu maji yakaja. Watu walipiga kelele, mbuzi wakasukumana mpaka wakaangusha ndoo. Fardosa, mke wa Shuriye, alipomletea Nakolong chai ya maziwa ya ngamia, alimkuta chini ya gari, mzee amekaa kando. Alikuwa ameshatoa gurudumu la nyuma la kulia, na kisu chake kilikuwa kinakwangua.

"Dada, si upumzike kwanza?"

"Yamebaki mawili," alisema. "Na nyumbani bolti zile tatu nazo zitatoka, niweke mpya. Mzee, umekaa bure? Tafuta kisu."

Mzee Shuriye akaenda kutafuta kisu.