Benchi la Wageni

Diploma yangu ya teolojia imetundikwa sebuleni, na kila anayeingia huiona kabla ya kuniona mimi. Niliipata Kampala, nikibeba matofali mchana na kusoma jioni. Sikulipiwa na askofu wala mzungu. Niliporudi kijijini kwetu Bihambwe nilikuta watu wanasali chini ya turubai. Leo kuna kanisa la mbao, na mabati yake niliyapigilia kwa mikono hii. Mambo ya kanisa nayajua.

Ndiyo maana maneno ya mama mmoja yaliniudhi.

Pikipiki yangu ilikuwa imezama katika matope ya njia ya Rubaya. Mama huyo, mihogo mgongoni na mtoto mchanga kifuani, akatua mzigo, akanisaidia kusukuma. Tope lilimrukia mpaka usoni. Nikamshukuru, nikamwambia kama ninavyowaambia wote: "Karibu kanisani Jumapili, Mama."

"Nilishafika kule, Papa Pasta," akasema, akijipangusa. "Mulinisimamisha."

Sikumkumbuka. Kwetu wageni husimama kila Jumapili. Utaratibu huo niliuleta mimi. Wana benchi lao la mbele, nililolipaka rangi mwenyewe na kuliandika WAGENI. Mgeni anataja jina na anakotoka, anatoa barua ya pasta wake wa zamani, tunampigia makofi.

"Basi ulikaribishwa vizuri."

"Muzee wa kanisa aliniuliza barua iko wapi. Nikamwambia pasta wetu wa Walikale alikimbia vita mbele yetu sisi bote. Yeye alikuwa na viatu." Akacheka kidogo. "Nikataja kijiji. Mama aliyenipangisha nyumba alikuwa nyuma yangu. Jumatatu akaniuliza bwana yangu iko upande wa nani. Jumanne nikatafuta nyumba ingine."

"Hilo si kosa la kanisa, Mama."

"Sijasema ni kosa. Nataka tu mutoto awekewe mikono ya baraka, iko na miezi tatu sasa. Kusimama tena, hiyo njo sitaki."

Nilimweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba bila barua hatuwekei mtoto mikono. Akarudisha kamba ya mzigo kwenye paji la uso.

"Sawa, Papa Pasta. Pikipiki yako nimeisukuma bila barua."

Nilikasirika njia nzima. Kwanza nilimkasirikia yeye, kwa jeuri hiyo. Kisha mzee wa kanisa, anayehoji watu kama askari wa kizuizi cha barabarani. Halafu nikakosa wa kumkasirikia, maana kanuni ile niliiandika kwa kalamu yangu. Na mimi mwenyewe niliingia Kampala bila karatasi yoyote. Katika kanisa nililolikuta kule, watu wa benchi la nyuma walisogea tu, nikakaa. Iliwachukua miezi kujua ninatoka wapi, tena niliwaambia mimi, siku niliyotaka.

Nikamtumia ujumbe kupitia akina mama wauza mihogo: alete mtoto, hakuna kusimama, hakuna barua.

Jumapili mvua ilinyesha. Baada ya matangazo niliita wimbo. Mzee wa kanisa akanisogelea sikioni. "Papa Pasta, umesahau wageni."

"Sijasahau."

Hapo nikamwona, nje, amejibanza chini ya mabati. Nikatoka wimbo ukiendelea.

"Ingia, Mama."

"Hapa nasikia muzuri."

"Hakuna atakayekuuliza kitu."

"Wanageuka," akasema. Nikatazama mlangoni. Kweli, kanisa zima lilikuwa limegeuza shingo.

Nikamwekea mtoto mikono palepale, maji ya mabati yangu yakiniingia kwenye kola. Nilipomaliza, mama akamfunika mtoto, akashika njia ya matope bila kungoja mahubiri.

Nilirudi mbele nimelowa. Benchi la WAGENI lilikuwa tupu. Mzee wa kanisa alikuwa ameshafungua daftari, kalamu mkononi, akiningoja nimtajie jina la mtoto na kijiji anakotoka mama yake.