Kuteleza Juu ya Bomba Pale Wanale

Mimi ni mtu wa nyumbani. Pale Mafubira, pembeni mwa mji wa Jinja, kazi yangu ni kutengeneza simu nikiwa nimekaa, na nikimaliza kazi napumzika kwa kukaa. Kwa hiyo dada yangu mdogo, aliyeolewa Mbale chini ya mlima Wanale, aliponipigia na kusema, "Kaka, njoo, tunakuhitaji kwenye michezo," nilidhani amekosea namba.

Hakukosea. Yeye na mumewe walikuwa wametazama video za watu wa nchi za baridi wanaoteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni. Wanarukia chuma, wanateleza juu yake kiubavu, wanashuka kama hawana mifupa. Theluji hatuna. Lakini Wanale kuna mianzi, na madumu ya njano hayakosekani popote. Walipasua mianzi, chini wakapigilia vipande vya madumu ili iteleze, juu wakafunga mabuti ya mpira. Mteremko wa nyuma ya nyumba wakaumwagia maji mpaka nyasi zikalainika. Katikati wakalaza bomba la zamani la maji, urefu wa hatua sita, wakalipaka sabuni. Majirani walianza kuja kila jioni, na dada yangu, ambaye tangu shule hakuwahi kuongoza kitu chochote, sasa wanamwita kocha.

Shida ilikuwa baba mkwe wake. Mzee ni askari magereza mstaafu, kila mtu anamwita afande, na mteremko ni wake. Alitaka kupanda vitunguu. Dada alimbembeleza mpaka mzee akatoa hukumu: "Mnasema mchezo huu mtu yeyote anajifunza. Basi leteni mtu yeyote. Jumapili akipita bomba lote bila kuanguka, mteremko wenu. Akianguka, vitunguu."

Mtu yeyote ndiye mimi.

"Katika watu wote wa Uganda?" nilimuuliza dada.

"Tulitafuta mzito kuliko wote. Ukiweza wewe, nani atabisha?"

Nilipofika Mbale, mwalimu wangu alikuwa shemeji, mume wa dada, Mgisu kamili, aliyetahiriwa mbele ya kijiji kizima bila kupepesa jicho, kama mila yao inavyotaka, na hajawahi kutuacha tusahau. Somo lake lilikuwa fupi: "Shemeji, panda bomba, simama. Magoti yanyooke. Usitikisike. Kama mbele ya kisu."

Nikasimama kama mbele ya kisu. Miguu ikaenda na bomba, mimi nikabaki hewani nyuma yake, nikatua kwa makalio. Alhamisi nzima hivyo, Ijumaa nzima hivyo. Kila nikianguka shemeji ananipongeza: "Lakini hukupepesa, bwana!" Afande alikuwa barazani anafunga miche ya vitunguu mafungu mafungu, anatabasamu peke yake.

Jumamosi mama mkwe wa dada alipita na beseni la nguo. Akanitazama nikianguka, akaweka beseni chini.

"Mnamfundisha siku ya kisu," alimwambia mwanawe. "Kabla ya kisu ulicheza ngoma ya kadodi siku ngapi?"

"Siku tatu, mama."

"Ngoma ile uliicheza na magoti yamenyooka?"

Shemeji akatazama mlima.

"Basi mfundishe ngoma, kisu mwachie ngariba."

Akanionyesha yeye mwenyewe hapo kwenye nyasi zilizolowa: magoti yamekunjwa, kiuno chini, mabega yanacheza, miguu haina ugomvi na ardhi. Nikamwiga.

"Kaka," dada akasema, "unafanana na mtu aliyefika chooni akakuta kufuli."

Lakini safari hii bomba likitikisika na mimi natikisika nalo, na nikafika nusu. Nusu! Nilijipa chai mbili.

Jumapili baada ya kanisa majirani walijaa. Dada alinishikia mianzi nivae mabuti, na hakunitania hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa. "Kaka, tafadhali," alisema, basi.

Nikashuka. Nikaruka juu ya bomba, ingawa kuruka ni neno kubwa, nilikwea. Nikageuka kiubavu, nikakunja magoti, macho nikayapeleka mwisho wa bomba. Mama mkwe akapiga makofi ya kadodi, majirani wakamfuata. Hatua ya tatu nikacheza mabega. Ya tano nikarusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Kisha bomba likaisha, nikatua kwa miguu yote miwili, nikazidi kuteleza mpaka nikakumbatia mti wa kahawa.

"Kukumbatia si kuanguka!" dada alipiga kelele.

Afande alishuka taratibu. Akakagua bomba, akanikagua mimi, akakagua mti, kama anayehesabu wafungwa. Mwishowe akamwambia mkewe miche apewe jirani. Dada akanirukia shingoni, na hapo tukaanguka wote wawili, ila hukumu ilikuwa imeshatoka.

Nilipokuwa bado nimelala chini, mzee alivua koti lake la kanisani, akalitundika kwenye mti wa kahawa, akaniinamia.

"Hayo mabuti," aliuliza kwa sauti ya chini, "ni namba ngapi?"