Tairi Nne Sebuleni

Gari letu lina tairi nne na spea moja, kama magari ya watu wote. Lakini mwaka ule mie nilikuwa na tisa, na zile nne nzuri kuliko zote zilikaa sebuleni, pembeni ya televisheni, zimepangwa moja juu ya nyingine. Hazikuwa zimekanyaga hata vumbi. Nilizinunua mwezi wa tano nikaziweka zisubiri Desemba.

Msinicheke kwanza. Mie ni mtu wa Kilimanjaro ninayeishi Segerea, na mwenye kwao kule anajua Desemba ni nini. Mwaka mzima unaweza ukala ugali na dagaa, hakuna anayekuuliza. Ila ukishafika nyumbani kwa ajili ya Krismasi, ukapaki gari pembeni ya migomba, kabla hujashusha hata begi moja watu wameshalizunguka. Hawasemi kitu. Wanazunguka tu, mikono nyuma, kama wanakagua ng'ombe wa mahari. Kaka yangu mkubwa ndiye mwenyekiti wa zoezi hilo. Yeye hupiga tairi teke, moja baada ya nyingine, zote nne, halafu ndipo anatoa hukumu.

Mwaka wa kwanza nilipoenda na gari alipiga mateke yake manne, akainama, akapapasa tairi ya mbele, kisha akaniuliza kwa sauti ya huruma, mbele ya ukoo mzima ulioshika mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi:

"Mdogo wangu, huko Dar mnakula kweli?"

Watu walicheka mpaka mbege ikamwagika. Mama yangu mzazi naye alicheka! Haki ya Mungu, siku ile kila nilichokunywa kilikuwa kichungu. Nikaapa kwamba teke la namna ile halitapigwa tena kwenye gari langu.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa hivi. Tairi mpya ukizifunga mwezi wa tano, ukazipitisha kila siku kwenye mashimo ya Segerea na matuta ya Mikocheni, zikifika kijijini Desemba zimeshazeeka kuliko mie. Bora zifungwe wiki moja kabla ya safari. Zitafika zinang'aa, na vile vinywele vyake vya mpira bado vimesimama. Huku mjini nani ananijua? Huku tutembelee zilizopo.

Zilizopo zilikuwa vipara. Nasema ukweli sasa kwa sababu yameshapita. Ile mistari ya tairi inayoshika barabara ilikuwa imefutika kabisa, ukipitisha kiganja hakikwami popote. Kila asubuhi nilichuchumaa, nikazipapasa kwa upendo, nikasema, "Bado zina maisha." Fundi anayeziba pancha kwenye kona yetu, mtu mzima mwenzangu na mwenye maneno, alizitazama siku moja akavua kofia.

"Bosi, kwa tairi hizi ukikanyaga peremende utajua kama ni ya ndimu au ya embe."

"Wewe ziba pancha."

"Naziba, bosi. Ila nakwambia tu, naziba kiraka juu ya kiraka."

Mke wangu ni mzaliwa wa Temeke, mtu wa mjini tangu mababu zake, na mdomo anao. Mwanzoni alizichukulia zile tairi za sebuleni kwa utani. Alizifunika kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki, na mgeni akiuliza ni kitu gani kile anamjibu, "Hao ni wakwe zangu, wanasubiri Krismasi." Binti yetu, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa akijificha katikati yake wakicheza kombolela na wenzake, akitoka ananuka duka zima la vipuri. Nikaona mambo yanaenda vizuri, nyumba nzima imenielewa.

Mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya, utani ukaisha.

"Mangi," akaniambia mke wangu. Hilo jina la machifu wetu Wachaga ndilo analoniita akiwa amenichoka. "Hivi mpira mzima umelala sebuleni, sie tunateleza barabarani, ndiyo nini?"

"Desemba si hiyo inakuja?"

"Kwani sie tunaishi Desemba? Sie si tunaishi leo?"

"Mama, mbona naendesha taratibu."

"Thubutu! Huendeshi taratibu, gari ndo limechoka. Mie nakwambia, siku ukinitia mtaroni na nguo zangu za kazini, narudi kwetu Temeke kwa miguu, na hizo tairi zako nazivingirisha mbele yangu."

Nikacheka. Nilidhani ni maneno tu, yanasemwa na kuisha.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha asubuhi ya Jumanne. Nilikuwa nawapeleka kama siku zote, mtoto shule kwanza, halafu mama yake kazini Mikocheni. Kuna mteremko mmoja njiani, na chini yake bajaji ilikuwa imesimama inapakia abiria. Nikakanyaga breki. Breki zikashika, magurudumu yakaacha kuzunguka, lakini gari lenyewe likaendelea na safari zake. Likageuka ubavu, taratibu, kwa adabu kabisa, likaikosa bajaji, likavuka upande wa pili wa barabara na kwenda kusimama kwenye kibanda cha supu, bampa limegusa benchi la wateja. Mteja mmoja alikuwa amelinyanyua bakuli lake juu ya kichwa. Mwenye kibanda, mama wa makamo, alitutazama kupitia kioo, upawa mkononi.

"Karibuni," akasema. "Na chapati ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, meno tu, moyo haupo. Kisha nikageuka nyuma. Binti yangu alikuwa ameung'ang'ania mkanda kwa mikono miwili. Halii, hatazami nje, ananitazama mie. Na mke wangu, yule mwenye neno kwa kila jambo, alifungua mlango, akamshusha mtoto, akamfunika mtandio kichwani, wakavuka barabara kwenye mvua na kupanda ileile bajaji. Niliogopa, jamani. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Mtu mwenye akili zake angezifunga zile tairi siku hiyohiyo. Mie nilirudi nyumbani, nikakaa sebuleni nikizitazama, nikahesabu wiki zilizobaki. Tatu. Tatu tu! Nikajiambia nitaendesha polepole zaidi, mteremko ule nitauzunguka, na mvua ikinyesha nitaliacha gari nyumbani. Kichwani nilikuwa namwona kaka anarudisha mguu nyuma apige teke, safari hii mguu unagonga mpira mgumu, mpya, na yeye anakosa la kusema. Ndiyo raha niliyokuwa nikiifukuzia. Mke wangu alipika, akapakua, akanikaribisha mezani kwa heshima zote. Hakunigombeza hata kidogo. Bora angenitukana.

Kesho yake jua liliwaka na barabara ikakauka. Nikaona Mungu yuko upande wangu. Nikaliwasha gari, nikapiga honi. Mke wangu akatoka na mkoba wake, akanipita.

"Kazi njema, Mangi," akasema, akaenda kusimamisha bajaji.

Nyuma yake akatoka binti, amevaa sare, begi mgongoni. Nikashuka nikamfungulia mlango. Akasimama hatua mbili kutoka kwenye gari.

"Panda mwanangu, utachelewa."

"Baba, mie naenda na mama."

"Umeninunia?"

Akatikisa kichwa. Kweli hakuwa amenuna. Alinieleza kwa upole, akihakikisha nimeelewa.

"Mie nitapanda Desemba, baba. Zikifungwa zile tairi za kina baba mkubwa."

"Zile si za baba mkubwa. Ni zetu zile."

"Zetu?" Akageuka kutazama mlango wa sebuleni, kisha akanitazama tena. "Sasa mbona sie hatuzipandi?"

Miezi yote ile nilikuwa na majibu, nilimjibu mama yake, nikamjibu fundi, nikajijibu mwenyewe kila asubuhi nikiwa nimechuchumaa. Pale nilitafuta hata moja la kumwambia mtoto wa miaka saba, sikulipata. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Yale ya kaka na mbege yalikuwa mchezo.

Nikamwita mama yake arudi. Alirudi, akasimama mlangoni, akanitazama nikizitoa tairi nje moja moja, mie na shati langu la kazini. Fundi alikuja na jeki yake akiwa na maneno mdomoni, lakini alipoona nyuso zetu aliyameza. Mtoto alisimamia kazi yote. Nilimwambia aweke begi chini apumzike, hakukubali. Alikaa nalo mgongoni, anasogea kila fundi anaposogea, mpaka nati ya mwisho ilipokazwa. Alikuwa ameshachelewa shule, na mama yake kazini, na mie ndo kabisa. Hakuna aliyelalamika.

Wakapanda. Mke wangu akakaa mbele, akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani.

"Haya, dereva," akasema.

Nilipita njia yetu ya siku zote, ya mteremko. Nikashuka nao polepole, mikono imeshika usukani kwa nguvu, jasho linanitoka ingawa barabara ilikuwa kavu. Tulipofika katikati ya mteremko, nyuma yangu nikasikia sauti. Binti alikuwa anaimba. Wimbo wa shuleni, ule wa kuhesabu wanyama, anaukosea na kuuanza upya, miguu inagongagonga kiti changu. Mke wangu akanigusa mkono.

"Unasikia?"

Nilikuwa nasikia. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho mtoto yule alipoimba ndani ya gari lile, nikashindwa.