Kabla Hujaliacha Toleo la Zamani

Siku moja pale mgodini Segese naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka najitukana mwenyewe. Keti unisikilize, maana umenichosha na hilo tangazo lako la "kuanzia kesho toleo la zamani la programu basi". Kesho! Hivi nyie vijana mnakimbizwa na nani?

Nilikuwa kijana kama wewe, nimekaa zangu ofisini Kahama, kichwa kikubwa. Programu yetu iliandika majina ya wachimbaji wanaoshuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, na wanaopanda. Chini yake kulikuwa na programu nyingine ya kuiendesha, na toleo la zamani la hiyo ya chini lilikuwa bovu kweli. Waliolitengeneza walishaacha kuliziba matundu. Kulibeba kulikuwa kunatuchosha, nikaona ya nini? Nikalifunga asubuhi ya siku hiyo, nikatuma ujumbe kwenye grupu, nikaenda kunywa chai.

Kumbe kompyuta ya pale mgodini ilikuwa bado na toleo hilohilo. Karani wake, Mama Kabula, hata kwenye grupu hakuwemo. Saa nne mashine ikamgomea, orodha ya walioko chini akawa haioni tena. Na saa sita ni saa ya baruti.

Wenzake wakasema watu wameshatoka wote, tulipue. Mama Kabula akasimama mdomoni mwa duara, mikono kiunoni: "Hapigi mtu baruti hapa!" Akaanza kuita majina kwa kichwa, mmoja mmoja. Masanja hakuitika. Wakamfuata, wakamkuta chini kabisa anagonga mwamba wake, hana habari.

Niliposikia nilikodi bodaboda mbio. "Shikamoo, mayu," nikamwamkia, yaani mama kwa Kisukuma. Hakuitikia. Unajua kwetu mtu mzima akikunyima marahaba maana yake nini? Akasema tu, "Kabla ya kufunga, ulimwuliza nani?" Nililia, sioni aibu kukwambia.

Sasa na wewe unaniambia eti wote wameona kwenye grupu. Wote gani? Umewahesabu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, bwana!

Sisemi libaki milele. Kuogopa kulifunga nako ni ujinga, ukiliacha wezi wataingia kwa matundu yale. Lakini nenda kwanza, kwa miguu yako, ukaone nani bado analitumia na linamfanyia kazi gani. Pangeni siku pamoja naye, umwekee jipya, ulione linafanya kazi. Siku mliyopanga ikifika, funga, wala usirudi nyuma hata wakikubembeleza, maana ahadi ni deni.

Haya, lifute hilo tangazo nikiona, kisha uende ukaulize. Mungu akuzidishie akili, mwanangu, na asife mtu kwa haraka yako.