Makumbi ya Bi Mwanakheir

Katika kijiji chao, upande wa Uroa, kila mwanamke ana shimo lake la makumbi ya nazi. Huyafukia kwenye tope la hori, ule mkono wa bahari, maji yakawa yanaingia na kutoka, na miezi ikipita huyafukua, akayaponda na kusokota kamba. Shimo la mtu haliguswi. Hata dada yako hakufukulii, maana usumba, zile nyuzi za kusokotea, ukija kutoka mbovu, lawama hazina mwisho.

Bi Mwanakheir alikula kwa kamba hizo tangu usichana wake. Alipoolewa na Mbarouk aliendelea kula kwa hizo hizo, kwani Mbarouk alikuwa hodari wa maneno tu. Hoteli ilipotaka kuchimba mlango wa hori ili boti zake zipite, yeye ndiye aliyesimama mkutanoni akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakampigia makofi. Kabla mtambo wa kuchimbia haujafika, akafa. Mungu amrehemu, ingawa wako watu wanaojua kuchagua wakati wa kuondoka.

Mjane akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Mtambo nao ukaja, ukaanza kunguruma.

Siku moja jirani yake, Fathiya, aliingia na tope mpaka magotini.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Mbona unanuka hivyo?"

"Hori hilo! Maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Kaa wanakufa, watoto wanawashwa miguu. Tope wanalolichota wanalimwaga hapo hapo kando, mashimo yetu yanazibwa, maji hayapiti tena. Sote tunafukua kabla makumbi hayajaoza."

"Na langu?"

Fathiya akainamisha macho. "Lako nani ataligusa, na wewe mwenyewe hupo?"

"Nnakupa ruhusa. Lifukue."

"Nshawaambia wenzangu. Wanasema mpaka mwenye shimo awepo. Na mimi peke yangu naogopa maneno."

"Basi ntakwenda mwenyewe."

"Kwenye eda? Watu watasemaje?"

Wote wawili walijua kwamba dini inamruhusu mjane kutoka mchana kwa dharura. Lakini midomo ya kijiji haina sheikh. Bi Mwanakheir alijitanda, akafika mpaka mlangoni, akawaona mawifi zake, dada zake Mbarouk, wamekaa barazani wanachambua mchele. Wakamtazama. Akarudi ndani, akakaa kitandani akilia kwa hasira, na hasira yenyewe nusu ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Eda ilipokwisha walimkogesha, wakamvika nguo mpya. Hakungoja kufukizwa udi. Alichukua jembe akateremka horini na nguo zake hizo hizo.

Makumbi mazuri hutoka magumu, ukiyavuta yanakuvuta. Haya yalitoka meusi, yakamvunjikia vidoleni. Alichimba mpaka chini kabisa akitumai ya chini yamesalimika, na ya chini yalikuwa uji. Kamba za mwaka huu hakuna, na kwa maji yale hata za mwakani hakuna. Sasa ilimbidi ahamie mjini, nyuma ya Darajani, kwa kaka yake Haroub, ambaye mkewe hulitia kufuli kabati la sukari.

Mawifi walimfuata, wakasimama pale pakavu.

"Hongera, wifi," mkubwa wao alisema. "Umemstahi kaka yetu mpaka mwisho."

Bi Mwanakheir akainuka, mikono inachuruzika.

"Ningetoka siku ile, mngenisema mwezi mmoja mkachoka," alisema. "Sasa n'ambieni, nani kati yenu atanilisha?"

Mdogo wao alijiziba pua kwa upindo wa kanga, akawaambia wenzake waondoke, harufu imezidi.